Nani Aliwaleta Sokoni

Nilikubali kufundisha historia kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Mwalimu wa historia wa shule yetu ya parokia alivuka mpaka kwenda Bujumbura na familia yake siku zile risasi ziliposikika karibu, na miezi ikapita bila yeye kurudi. Prefe, yaani mkuu wa shule, ambaye nilimfundisha katekisimu akiwa mtoto, alikuja nyumbani kwangu katika mtaa wa Kasenga. Alikataa chai mara ya kwanza, akaikubali mara ya pili, kisha akasema lililomleta.

"Mzee, unisaidie saa mbili tu kwa juma. Wale wa mwaka wa mwisho wako na mtihani wa Serikali, na saa ya historia wako wanakaa bure, wanachezea simu."

Nimekuwa katekista tangu ujana wangu, na nilifundisha shule ya msingi mpaka nilipostaafu. Chaki ninaijua. Nikamwambia nitakwenda.

Alinipa muhtasari ulioachwa na mwalimu yule. Kukomeshwa kwa utumwa kulikuwa na nusu ukurasa: sababu, watu mashuhuri, mwaka, matokeo. Kila kitu kilikuwa na namba yake. Mwalimu anasoma polepole, wanafunzi wanaandika kwenye kaye zao, yaani madaftari, wanapiga mstari mwekundu chini ya kichwa cha somo, na siku ya mtihani wanarudisha walichopewa. Niliusoma nusu ukurasa ule nikajiona kama mtu aliyepewa miiba ya samaki na kuambiwa kwamba amekwisha kula.

Mimi nilikuwa na kitu kingine. Padri mmoja wa kwetu, ambaye sasa ni marehemu, alisoma ng'ambo, na huko alinakili kwa mkono wake barua za wamisionari wa kwanza wa ziwa hili. Aliporudi alinipa nakala ya barua moja. Mwandishi wake anaeleza jinsi alivyoshuka sokoni kwenye ufuko wetu huu wa kaskazini akanunua watoto kwa vitambaa, ili awatoe utumwani. Anasema waliowauza ni watu wa pwani, yaani wafanyabiashara Waislamu waliofika hapa kwa njia ya Ujiji. Anasema watoto walisema lugha ya huku juu, si ya pwani; walilia siku za kwanza, na sasa wanaimba vizuri. Katika mistari miwili anataja kwamba wakubwa wao walitoroka, wakarudishwa. Mwishoni anawaomba marafiki zake wa Ulaya wamtumie vitambaa zaidi, ili watoto wengine nao wakombolewe.

Barua hiyo siisomi kama habari ya mbali. Bibi yake baba yangu alilelewa na mapadri kama wale, baada ya kununuliwa akiwa mdogo. Hakuna kati yetu anayejua alizaliwa kwenye kilima gani wala wazazi wake waliitwa nani. Kwa upande wake sisi tunaanzia sokoni. Ninawashukuru mapadri wale kila siku, maana bila wao nisingezaliwa, wala nisingeijua sala. Lakini marehemu padri alinifundisha kwamba barua ni kama shahidi: unamsikiliza kwa heshima, kisha unamuuliza. Nilitaka wanafunzi wangu waulize. Nilitaka hata mmoja tu, kabla ya mtihani, atoe swali ambalo sikumpa mimi. Sikutaka jambo lingine mwaka ule.

Nikaigeuza barua kwa Kiswahili, nikaenda kutoa nakala kwenye kibanda cha sekretariati karibu na daraja la Mulongwe. Umeme haukuwepo. Tulingoja jenereta, na ilipowaka mashine ikawa inakata maneno ya upande wa kushoto. Nilikaa kwenye benchi nikarudishia kwa kalamu maneno yaliyokatwa, karatasi moja baada ya nyingine, huku kijana mwenye mashine akiniuliza kama ni kesi ya kiwanja.

Siku ya kwanza niliwagawia karatasi, nikasimama mbele, nikasoma. Nilisoma kama ninavyosoma somo la kwanza Jumapili, kwa kuwa mbele ya watu sijui kusoma kwa namna nyingine. Nilipofika mwisho nikainua macho na kunyamaza kidogo, ili maneno yawaingie.

Darasa zima likaitikia: "Tumshukuru Mungu."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Walikaa wima, wametulia, wananitazama kama waamini wanaongoja zaburi. Nikajua mahali nilipofika, na palikuwa pabaya kuliko nilivyodhani.

"Wanangu," nikasema, "hii siyo Biblia. Ni barua. Imeandikwa na mtu kama mimi na ninyi. Mnaionaje?"

"Ni mzuri, Mzee."

"Uzuri wake ni upi?"

Waliinamia karatasi zao. Kisha mkubwa wa darasa, binti mwerevu ambaye huimba sauti ya kwanza katika kwaya, akanyoosha kidole. "Mzee, kichwa cha somo tuandike nini? Na tupige mustari wapi?"

Mwingine akauliza: "Iyi barua iko mu mtihani?"

"Haiko."

Niliona kalamu zikilala mezani.

Katika darasa lile alikuwamo binti mmoja Mwislamu. Baba yake anauza vitenge upande wa Kalundu, na alimleta kwenye shule ya mapadri kwa sababu ilikuwa ndiyo iliyoendelea kufunguliwa. Alikaa karibu na dirisha, kitambaa kichwani, na yeye hakuitikia. Nilipotaja tena watu wa pwani, kijana mrefu aliyekaa nyuma akamgeukia. Kijana huyo ametoka Lubarika, kwenye uwanda wa Ruzizi, anakaa hapa mjini kwa baba yake mdogo ili asome.

"Eeh, mungwana! Babu yako iko mu barua!" Hapa kwetu ndivyo Waislamu wanavyoitwa na watu wanaotaka kuwachokoza. "Uulize baba yako kama vitambaa ya padri iko ingali mu duka!"

Sasa wakacheka, tena sana. Binti alikunja karatasi yake mara mbili, akaifunua, akaanza kuisoma upya. Nilimkemea kijana, akaomba msamaha akiwa bado anatabasamu. Kengele ikalia.

Majuma yaliyofuata yalinichosha. Niliandika ubaoni maswali manne ya kumuuliza shahidi: Nani aliandika? Alimwandikia nani? Alitaka nini? Ni nani hatumsikii ndani ya barua? Nilidhani maswali yatafungua mlango. Wanafunzi waliyanakili vizuri, kwa wino wa bluu, wakapiga mstari mwekundu, wakangoja majibu.

"Mjibu ninyi."

"Mzee, utupatie jibu kwanza, alafu tutaenda kufikiri ku nyumba."

Yule aliyesema hivyo hakuwa anatania. Niliwaambia wafikirie watoto wale walipofika misheni, kama walielewa lugha, kama waliulizwa wanataka kwenda wapi. Niliwaonyesha mistari miwili ya wale waliotoroka, nikangoja. Walinitazama kwa upendo. Ndiyo, kwa upendo, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa maana huwezi kugombana na watu wanaokupenda na ambao hawafanyi unachowaomba. Nilimwomba Mungu uvumilivu maisha yangu yote na amenipa. Mwaka ule kuna asubuhi nilimwomba anipunguzie.

Nyumbani nilimlalamikia mke wangu. Alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye ungo, akitoa mawe madogo ya mchanga wa ufukweni.

"Baba, wamekuzoea," akasema. "Weye ukisema neno, wao wanaitika amina. Sasa unataka wakukatae? Minye mwenyewe sijakukatalia neno tangu ndoa yetu."

Uongo huo ulinichekesha mpaka nikasahau hasira. Alinipa ungo nimsaidie.

Kisha prefe aliniita ofisini. Alifunga mlango, na mlango ule haufungwi ila kuna jambo.

"Mzee wangu, inspekta anakuja. Ataangalia kaye za wanafunzi. Minye nimeziangalia. Mu historia ninaona barua moja na maswali ine, na hakuna jibu. Muhtasari iko wapi?"

"Nitaumaliza. Nataka kwanza wajue kuuliza."

"Kuuliza nini? Mtihani ndiyo unauliza! Wao iko wajibu tu." Alijisikia amepandisha sauti mbele ya mtu aliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba, akashuka. "Mzee, unisikie vizuri. Akikuta vile, saa zako atanilazimisha nizipe mwalimu wa jiografia. Ule kijana anasomesha kwa kuandikisha, anamaliza programu. Sitaki vile. Lakini sitakuwa na la kusema."

Nilitoka pale nikiwa najua kinachonisubiri: ama niwasomee nusu ukurasa wanakili, ama nipoteze darasa kabla hata mmoja hajauliza. Sikuwaambia wanafunzi. Lakini katika shule yetu kuta za ofisi ni mbao, na mkubwa wa darasa huwa anapeleka daftari la mahudhurio asubuhi.

Siku ya inspekta nilikwenda na barua. Nilikuwa nimesali, nikaamua nitafundisha kama ninavyofundisha, na Mungu atajua. Inspekta alikuwa mtu mpole mwenye koti, akaketi kwenye benchi la nyuma karibu na yule kijana wa Lubarika, akafungua kalamu. Nikaanza kwa sauti ndogo.

"Barua hii, nani aliiandika?"

"Padri mmisionari!" Darasa zima, kwa pamoja, kama wimbo wa kuingia.

Nilishtuka. Nikaendelea kwa sababu sikujua la kufanya.

"Alimwandikia nani?"

"Marafiki zake wa Ulaya!"

"Alitaka nini?"

"Vitambaa vya kukomboa watoto!"

"Ni nani hatumsikii ndani ya barua?"

"Watoto!"

Wengine walimalizia kwa kuinamisha kichwa, kama tunavyoinama kwa jina la Yesu. Nilimtazama mkubwa wa darasa. Aliniangalia kwa macho yanayong'aa, kama mtu aliyemwokoa mzazi wake majini. Nilielewa baadaye jinsi walivyofanya: Jumapili baada ya Misa, nyuma ya kanisa, pale kwaya inapofanya mazoezi, yeye aliandika majibu manne na akawakaririsha wenzake mpaka yakawakaa. Majibu yalikuwa sahihi yote. Hapakuwa na jibu hata moja ambalo ningelikata kwa kalamu nyekundu. Na ndani ya usahihi huo hapakuwa na mtu aliyefikiri.

"Très bien!" akasema inspekta, akainuka. "Mzee, hii ndiyo tunawaomba walimu kila mwaka! Ufundishaji hai! Hati za kweli! Wanafunzi wanajibu wenyewe!"

Alitembea kati ya mabenchi akiangalia kaye, akifurahi. Alipofika dirishani akasimama.

"Weye, binti. Nimekuangalia. Juu ya nini haujajibu?"

Binti Mwislamu akasimama. Jumapili hakuwepo nyuma ya kanisa. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Sikujua watajibu pamoja, Bwana Inspekta. Nilikuwa ninasoma."

"Unasoma nini, na mwenzako iko anajibu?"

"Ninatafuta kitu mu barua, sikioni." Akashika karatasi yake, ambayo mikunjo ilikuwa imeanza kupasuka. "Padri anasema watu wa pwani waliuza watoto ku soko. Sawa. Lakini watoto hawakuzaliwa ku soko. Wanasema lugha ya huku juu, padri anaandika vile. Sasa mbele ya watu wa pwani, kabla hawajawanunua, nani aliwaleta sokoni?"

Sijui jinsi ya kuandika nilivyojisikia. Nimeisoma barua ile miaka mingi. Nimeisoma nikimtafuta bibi yake baba yangu ndani yake. Nilikuwa nimeuliza kuhusu padri, kuhusu wafanyabiashara, kuhusu watoto. Swali lile halikuwa ubaoni kwangu.

Kijana wa Lubarika aliacha kutabasamu.

Inspekta akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. "Binti, jibu iko manne, na wenzako wanazijua. Iyo yako haiko mu programu. Ukae chini, usome pamoja na wengine."

"Bwana Inspekta, uniwie radhi," nikasema. "Hilo ndilo swali. Hilo ndilo nimelingoja tangu nianze."

Akanigeukia kwa heshima yote. "Mzee, tunakuheshimu sana. Lakini swali lenye halina jibu, mwanafunzi utamupa pointi gani?"

Kisha akaomba karatasi yenye maswali na majibu. Nikasema sina karatasi kama hiyo. Mkubwa wa darasa akasimama kwa haraka, akampelekea kaye yake iliyofunguliwa. Inspekta aliipiga picha kwa simu, akamshukuru, akaandika kitu kizuri juu yangu, akatoka. Binti wa dirishani alikuwa ameketi. Alikuwa ameweka karatasi ndani ya mfuko.

Nilibaki nimesimama. Nina umri wa kutosha kujua kwamba hasira ya mzee ni mzigo kwa watoto, na nikajaribu kuimeza. Haikumezeka.

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

Mkubwa wa darasa alitegemea sifa, na uso wake ukabadilika. "Mzee, tulikulinda. Prefe alisema watakuondoa."

"Mmenilinda. Asanteni. Na mwenzenu je?"

Wakageuka wote kumtazama kama vile ameingia sasa hivi.

"Tulisahau tu, Mzee. Haiko mubaya. Yeye si anaendaka ku musikiti Ijumaa," akajibu mkubwa wa darasa.

"Hamukusahau," binti akasema pale pale alipoketi, bila kuinua sauti. "Munajua kunikumbuka vizuri sana kama munasema juu ya duka ya baba."

Jioni ile prefe alinipokea kwa mikono miwili. "Mzee, umepita! Anasema wewe ni mfano!" Kisha akanionyesha simu yake. Picha ya kaye ile ilikuwa imekwisha kufika kwenye kundi la walimu wa mji mzima, na shule nyingine zilikuwa zinaomba ruhusa ya kuinakili. Maswali manne na majibu manne. Barua yenyewe haikuwemo. Nilimuuliza kama kuna aliyeomba barua.

"Barua ya nini tena, Mzee? Jibu iko pale." Akaniwekea sharti kwa ulaini: niwaandikishe karatasi ile kama ilivyo, nifunge sura, niende kwenye sura inayofuata.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikipita kando ya ziwa, pale ambapo maji yalipanda yakachukua barabara na nyumba, na kuta zinasimama majini hadi leo. Ufuko wa siku za soko lile umelala chini ya maji hayo mahali fulani. Sikupata faraja yoyote kwa kuutazama. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyesifiwa kwa kazi aliyoiharibu.

Saa yangu ya historia iliyofuata niliingia darasani, nikafuta ubao wote, nikaandika mstari mmoja: Kabla ya watu wa pwani, nani aliwaleta sokoni?

"Mfunge kaye," nikasema.

Mkubwa wa darasa hakufunga ya kwake. "Mzee, Bwana Inspekta alisema iyo haiko mu programu."

"Juu ya hiyo nimesema mfunge."

Nikakaa. Nilikaa kabisa, juu ya kiti, kitu ambacho sikuwahi kufanya katika saa yangu. Muda ulipita mrefu kiasi cha mtu kukohoa, na mwingine kukohoa kwa kumwigiza. Kisha kijana wa Lubarika akasimama bila kunyoosha kidole.

"Iyi swali ni ya kututukana."

"Inamtukana nani?"

"Sisi! Iko anataka kusema ni babu zetu ndio waliuza. Babu zetu walikuwa wakulima!"

"Minye sijasema ni babu yako," akajibu binti. "Nimeuliza nani. Ni weye mwenyewe unashika kichwa kama mwizi."

Wakacheka kidogo, safari hii wakimcheka yeye. Akaona haya, na haya ikamfanya aseme kwa nguvu zaidi. "Basi useme! Kama si waungwana, ni nani?"

"Kama ningejua, ningeuliza?"

Hapo mambo yakafunguka. Msichana mmoja kutoka milimani akasema kwao wazee husimulia juu ya njaa, kwamba mtu alikuwa anatoa mtoto mmoja ili wengine wapate kula. Mwingine akasema hapana, ilikuwa vita, walioshinda waliwachukua wa walioshindwa. Mwingine akasema machifu. "Chifu wa nani?" wakauliza watatu kwa pamoja, wote wamekasirika, kila mmoja kwa ajili ya chifu wake. Mkubwa wa darasa aliwaambia wanyamaze, kisha naye akasahau akasema bibi yake alimkataza asimwite mtu mtumwa kwa sababu hujui aliyesimama nyuma yako ni wa nani. "Ajue nini bibi yako?" "Anajua kuliko weye!" Maneno mengine hayakuwa mazuri. Mengine hayakuwa kweli, na mengine sikuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Sikusahihisha kitu. Nilisikia moyo wangu unapiga kama wa kijana.

Prefe alifungua mlango. Alisikia kelele kutoka ofisini. Alisoma ubao, akanitazama, na niliona kwamba alihuzunika kweli.

"Mzee. Tuongee inje."

Hakunifukuza. Alisema nipumzike. Alisema jua limekuwa kali kwa mtu wa umri wangu kutembea kutoka Kasenga, na kwamba watoto kugombana juu ya makabila wakati huu, na hali ya mji jinsi ilivyo, mzazi mmoja tu akisikia, shule inafungwa. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli ndani yake, na sikuweza kulipinga. Juma lililofuata mwalimu wa jiografia aliwaandikisha majibu manne. Ni kijana mwenye adabu. Alikuja kunisalimu kwanza.

Nilimshukuru Mungu kwa kupumzika, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa ninamlaumu kwamba alinionyesha jambo lile kwa muda wa nusu saa akalichukua. Nilikaa nyumbani nikiwa na hasira mbaya, ile ya mtu asiyeweza kumwonyesha kidole yeyote. Prefe alikuwa amenivumilia. Inspekta alikuwa mpole. Wanafunzi walinipenda. Wote walikuwa wema, na barua ilikuwa imekufa mikononi mwao.

Jumamosi moja, baada ya likizo fupi, kijana wa Lubarika alibisha hodi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, ametoka kwao siku ile ile. Mke wangu alimpa maji. Hakuketi mpaka nilipomwambia mara mbili.

"Mzee, nilienda kumuuliza babu. Baba ya baba yangu. Yeye ni muzee sana, anajua mambo ya ule uwanda yote."

"Ulimuuliza nini?"

"Ile swali." Hakutaka kulitamka. "Alinifukuza ku baraza. Alinitupia fimbo yake, Mzee. Babu yenye hajawahi kunipiga."

"Pole. Kabla ya fimbo alisema neno?"

"Aliniuliza nani amenituma."

"Ukamjibu?"

Alifuta uso kwa mkono, vumbi likawa tope. Nilidhani atanitaja mimi, na nilikuwa nimejitayarisha kulipokea.

"Nilisema sijatumwa."

Nilitaka kumpongeza nikaona pongezi itaharibu. Babu yake bado amefunga mdomo, ni mzee kuliko mimi, na mimi sina tena darasa, wala saa mbili, wala ubao. Nilimuuliza kama babu angekubali kuongea na mzee mwenzake. Akafikiri. Akasema labda, kama nikienda na chumvi na sabuni na nisiulize siku ya kwanza. Nami nikaongeza kwamba binti wa Kalundu naye apewe nafasi ya kwenda nasi, akipenda, kwa sababu swali ni lake.

Hapo alikunja uso. "Yeye? Babu ataona kitambaa yake."

"Atakiona."

"Atasema neno mubaya, Mzee."

"Kwa hiyo utamuonya mwenzako njiani, na utamwomba msamaha, wako kwanza, kabla ya ule wa babu."

Alikunywa maji yaliyobaki, akauliza kama barabara ya uwandani itapitika Jumamosi ijayo, kwa maana aliporudi wenye bunduki walikuwa wameweka kizuizi kingine baada ya kijiji cha Kiringye. Nikamwambia sijui. Tukabaki tunahesabu watu wanaoweza kujua.